Mafundi, acheni kututolea themostati

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme na mafundi wa magari, na zaidi niseme na wenye magari wenzangu tunaoitikia kila tunaloambiwa gereji. Ninazungumzia themostati, kile kifaa kidogo kinachokaa kwenye njia ya maji ya injini na kuamua lini maji yapite kwenye rejeta. Gereji nyingi, gari likichemsha tu, dawa ya kwanza ni kukitoa na kukitupa. Ukiuliza unajibiwa: "Mama, hiki ni cha nchi za baridi, huku kwetu hakina kazi."

Mimi naishi Njombe, natembeza miche ya parachichi vijijini kwa Toyota IST niliyoinunua mkononi mwa mtu Dar es Salaam. Tangu nilipolipandisha huku, ile taa ya bluu ya dashibodi, inayoonyesha injini bado ni ya baridi, ilikuwa inachelewa mno kuzima. Asubuhi za Juni naweza kufika shambani kwa mteja inawaka bado, na kwenye mteremko mrefu inarudi. Mafuta nayo yalikuwa yanakwisha haraka kuliko safari zenyewe. Tulipofungua tukakuta mahali pa themostati ni patupu. Aliyeitoa hakumwambia mtu.

Hiyo hoja ya joto la nchi haisimami. Kwenye injini ya 1NZ, mojawapo ya injini zinazofungwa kwenye IST, themostati inaanza kufunguka maji yakifika nyuzi 80 hadi 84. Hata Dar es Salaam mchana wa nyuzi 32, injini ikiwashwa bado ina karibu nyuzi 50 za kupanda. Kabla haijapata joto, kontrolo boksi, yaani kompyuta ya injini, inaongeza petroli. Sehemu ya petroli hiyo haiungui. Inachuruzika kwenye kuta za silinda, inaosha oili iliyokuwa inazilinda, kisha inashuka kuchanganyika na oili iliyo chini. Ringi za pistoni zinalika polepole na mwenye gari hasikii chochote. Atakuja kusikia siku anaambiwa gari linataka ovahoo, yaani injini ifumuliwe na kutengenezwa upya.

Tena kuitoa si dawa ya kuchemsha. Kwenye injini nyingi themostati ina kisahani cha chini ambacho, maji yakishapata moto, kinaziba njia ya mkato ya kurudi ndani ya injini. Ukiitoa, njia ile inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kuiona rejeta. Mtu anapanda mlima mkali wa Kitonga na mzigo akiamini ametibiwa, kumbe amepunguziwa nafasi ya kupoza.

Nakubali kwamba themostati huganda, na ikiganda imefunga, gari litachemsha kweli. Lakini tujiulize kwa nini zinaganda. Tunajaza rejeta maji ya bomba mwaka mzima, kutu inajaa, halafu lawama anabebeshwa huyu mdogo. Weka kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, iliyochanganywa ipasavyo, uibadilishe kwa wakati, utakaa naye miaka.

Na kuibadilisha si kazi ya kuogopa. Sisi tuliifanya uani, mimi na mwanangu. Injini iwe imepoa kabisa. Usifungue mfuniko wa rejeta ukiwa wa moto, maji yale yana presha na yataruka usoni. Kingeni kulanti kwenye beseni na msiliache wazi, kwani ni sumu yenye utamu, na kuku, mbwa au mtoto anaweza kuinywa. Kwenye IST inabidi kuondoa alternata ili mkono ufike, kwa hiyo waya wa hasi wa betri utolewe kwanza. Baada ya hapo kifuniko cha themostati kinashikwa na nati mbili tu.

Kabla ya kufunga mpya, ipikeni. Tuliifunga kwa uzi, tukaining'iniza kwenye sufuria ya maji bila kugusa chini, jiko likiwa na moto wa wastani. Kwa muda haikufanya kitu. Maji yalipokaribia kuchemka, nta iliyo ndani ya kile kikopo cha shaba ikatanuka, sahani ikaanza kujisukuma kutoka kwenye kiti chake taratibu, mpaka uwazi ukaonekana wazi. Tulipoiopoa ikajifunga yenyewe. Huku kwetu Njombe, kwa kuwa ni juu milimani, maji huchemka kwenye kama nyuzi 93, hivyo haitafunguka hadi mwisho, ila inatosha kujua kwamba ni nzima. Isiyofunguka irudisheni dukani.

Ifungwe na gasketi mpya, springi ikielekea ndani ya injini, na kile kipini kinachochezacheza kiwe juu ili hewa ipite. Kisha jazeni kulanti polepole, mkiminyaminya mipira ya rejeta, washeni injini na hita ikiwa kwenye joto la juu, mwongeze kila ikishuka mpaka feni iwake yenyewe. Hewa ikibaki ndani, gari litachemsha na themostati mpya itasingiziwa.

Ombi langu kwa mafundi ni hili. Ikibidi gari liondoke bila themostati kwa sababu dukani hakuna, mwambieni mwenye gari kwa mdomo, mwandike kwenye risiti kwamba imetolewa, na mmpe ile ya zamani mkononi aende nayo dukani kulinganisha. Na anayeuza gari lililotolewa kifaa hiki amwambie mnunuzi kabla ya kupokea pesa.

Mpanda miche ya parachichi,
Njombe