Achana na hiyo Kp, panda ndege

Shoga yangu Zuhura,

Vipi lakini? Meseji yako nimeiona, eti apu inasema Kp 2 wiki nzima (ile namba ya 0 hadi 9 ya jinsi sumaku ya dunia inavyotikiswa na jua), kwa hiyo unafikiria kughairi safari ya Tromsø, Norway, ya kwenda kuona aurora, zile taa za rangi angani usiku. Usighairi bwana! Kp 2 ni kidogo kwa mtu aliyeko Berlin, wewe unaenda kukaa chini ya mkanda wenyewe wa aurora, na pale hata 1 au 2 inatosha kabisa anga likiwa halina mawingu. Afu hiyo Kp ni wastani wa dunia nzima kwa masaa matatu matatu, haikwambii saa nne usiku kutakuwa na nini juu ya kichwa chako.

Ukifika angalia kitu kinaitwa Bz. Upepo wa jua unakuja na sumaku yake, sasa ile sumaku ikigeukia kusini, yaani namba imeingia kwenye hasi, inashikana na sumaku ya dunia na nguvu zinaingia. Ukiona hasi 5 na kushuka, na imetulia hapo kama nusu saa hivi, vaa viatu. Vipimo vinatoka kwenye setalaiti zilizo kilomita milioni 1.5 kutoka kwetu upande wa jua, kwa hiyo mpaka huo upepo utufikie una kama nusu saa hadi saa moja tu ya kujiandaa. Ndo maana anayekuahidi Alhamisi ijayo saa tatu kamili anabahatisha. Jua likirusha wingu lake la gesi yenye sumaku wanaliona siku moja hadi tatu kabla, sawa, ila sumaku ya ndani imeelekea wapi hawaijui vizuri mpaka lifike kwenye setalaiti. Unakumbuka Mei 2024? NOAA, wale watabiri wa serikali ya Marekani, walitoa tahadhari ya dhoruba ya sumaku ya G4 (kipimo kinaanzia G1 hadi G5), ikaja G5, ya kwanza tangu 2003, watu wakaona mpaka Mexico!

Kiukweli lakini adui yako ni mawingu, wala sio jua. Tromsø iko pwani, hali ya hewa inabadilika hovyo, so jioni fungua Yr, ile apu ya hali ya hewa ya Norway, uangalie ramani ya mawingu kabla hata ya hiyo Bz, na kama mji umefunikwa tafuta usafiri wa kwenda bara, Skibotn au uvuke kabisa mpaka Kilpisjärvi upande wa Finland, manake milima inazuia mawingu mengi ya baharini. Mi ningelipia gari kuliko hoteli ya kioo, hoteli haiwezi kuyakimbia mawingu.

Na usitegemee kijani cha kwenye picha mara moja. Mara nyingi aurora inaanza kama utepe wa kijivu, unaweza kuapa ni wingu jembamba. Uelekeze simu huko, piga picha ya sekunde tatu, ikitoka kijani basi ndo yenyewe, kaa hapohapo usirudi ndani. Ikichangamka utaona ukingo wa chini unakuwa wa pinki (hiyo ni naitrojeni, kijani ni oksijeni iliyo juu zaidi, kilomita 100 na kitu) na mapazia yanaanza kukimbia anga zima, afu dakika chache tu imepoa. Hapo wengi wanaondoka, wewe subiri, inaweza kurudi.

Kamera weka ISO (wepesi wa kuhisi mwanga) 1600, tundu la lenzi lifungue mpaka mwisho, sekunde tano hivi, ikikimbia sana shusha mpaka mbili. Fokasi fanya kwa mkono kwenye nyota. Usipumulie lenzi, itaganda. Betri ya akiba kaa nayo mfuko wa ndani karibu na mwili, baridi inazimaliza haraka sana.

Machi umechagua vizuri, karibu na siku usiku na mchana vinapolingana sumaku huwa inachangamka zaidi. Ila cheki mwezi, ukiwa mpevu ile hafifu hutaiona. Nitumie tarehe zako kamili nikuangalizie.

Wako,
Rehema