Suruali ya 200, kupunguza 300: mbona hivyo?

Malalamiko haya hayakatiki katika duka letu la ushonaji, na juzi mteja ameondoka akiamini tumemwibia. Suruali kaichagua mwenyewe sokoni Kongowea kwa shilingi 200. Kuambiwa kupunguza kiuno ni 300, akahamaki: "Kazi iwe ghali kuliko nguo?"

Dadangu, kazi haifuati bei ya nguo. Suruali ile lazima tutoe ukanda wa kiunoni, tufumue mshono wa nyuma, tupunguze, turudishe ukanda na vitanzi vya mshipi mahali pake, kisha overloki, ule mshono wa kuzuia kingo zisifumuke, na pasi. Iwe ya mtumba au ya duka kubwa, jasho ni lile lile.

Wapo watakaokupigia mshono pembeni, juu kwa juu, kwa 100. Mifuko itapinda na kuachama, nawe utajivuta shati kutwa kuificha. Kibaya zaidi ni makasi. Kitambaa kilichozidi kikikatwa, hakirudi. Mama mmoja alituletea gauni la lesi la harusi ya mpwawe, lilipunguzwa kwingine na akiba yote ya mshono ikakatwa. Alikuwa amenenepa kidogo tu, vidole viwili vingetosha, lakini hapakuwa na cha kufumulia. Tulizunguka Mtaa wa Biashara kutafuta rangi inayokaribiana, tukatia vipande chini ya makwapa. Alilipa mara tatu ya ambacho angelipa. Sisi akiba tunaiacha ndani, imekunjwa na kupigwa overloki, hata kama mteja haioni.

Ukitaka kupendeza kwa pesa kidogo, angalia bega kwanza. Mshono wa bega ukome penye mfupa. Kiuno, urefu na mikono tutakurekebishia bila shida, lakini bega la koti ni kung'oa mikono, sponji na bitana, yaani nusu ya koti. Kijana mmoja alikuja na koti la usaili, kamera safi kabisa, yaani mtumba wa daraja la kwanza, mabega yakamzidi pande zote. Tulimwambia arudi kwa muuzaji akabadilishe. Tulikosa kazi siku hiyo, ila akavaa koti lililomkaa.

Kitambaa nacho kina maneno. Kwa joto la Mombasa, poliesta hainywi jasho. Ukivuka feri asubuhi umeshalowa mgongo. Tafuta pamba au kitani, soma kilebo cha ndani. Na pamba mpya ukiinunua, ioshe kabla ya kutuletea, maana hurudi, yaani hupungua ikifuliwa. Wengi hukataa kungoja siku moja, halafu gauni likifuliwa mara ya kwanza likabana, lawama ni za fundi.

Pasi ndiyo inayoua suruali nyeusi. Kilebo chenye nukta moja ndani ya picha ya pasi kinataka joto lisilozidi nyuzi 110, mbili 150, tatu 200. Suruali ya poliesta ikipigwa pasi ya pamba inang'aa mapajani, na mng'ao ule hakuna fundi wa kuutoa. Igeuze ndani nje, au weka kitambaa chenye unyevu juu yake. Jiki usiiguse kwenye nguo inayovutika, inakula ule mpira.

Kwa Idi, leteni marekebisho kabla ya kumi la mwisho la Ramadhani. Baada ya hapo tunashona kanzu na mabuibui tu. Na mje na viatu mtakavyovaa, kwa sababu pindo hatulipimi mtu akiwa na ndara.