Spea za Bedford zilizolala: barua kwa Baba Mdogo

Luton, Uingereza

Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta nyote wazima, Mama Mdogo na watoto, pamoja na majirani wote wa Muheza. Sisi huku hatujambo, ila baridi tu.

Nimeipata orodha ya fundi ya vitu vinavyokosekana kwenye lile lori la Bedford J6. Nimefurahi sana kusikia mmeamua kulirudisha kama lilivyotoka kiwandani, badala ya kulitia injini ya Kijapani kama wengi wanavyofanya. Bedford za jamii ya TJ, ambamo J6 imo, zilianza kutoka mwaka 1958, na lori la namna hiyo lililobaki na injini yake na giaboksi yake linastahili kutunzwa. Lakini orodha ilivyoandikwa siwezi kununulia nayo kitu, naomba nieleze kwa nini, ili pesa mliyochanga isije ikaishia kwenye vyuma visivyoingia.

Fundi ameandika "pistoni za Bedford dizeli, seti moja." Injini za dizeli za silinda sita za Bedford za enzi ile ziko mbili zinazofanana sana kwa nje: ya inchi za ujazo 300, yaani lita 4.9, na ya 330, yaani lita 5.4. Mwendo wa pistoni ni uleule, inchi 4¼. Kinachotofautiana ni kipenyo cha silinda: 300 ni inchi 3⅞ (milimita 98.4), 330 ni inchi 4 na 1/16 (milimita 103.2). Karibu milimita tano. Na lori lililofanya kazi miaka yote hiyo huenda lilishabadilishiwa injini, kwa hiyo kibati cha chesesi peke yake hakitoshi kujua. Mwambie afungue silinda hedi na apime.

Apime hivi: kila silinda sehemu tatu, juu pale ringi ya kwanza inapoishia, katikati, na chini. Kila sehemu mara mbili, kufuata urefu wa injini na kuukatiza. Kwa silinda sita hivyo ni vipimo 36, na vyote naomba viandikwe. Silinda huliwa zaidi kule juu, tena kwa upande ule pistoni inakosukumwa, ndiyo maana kipimo kimoja cha katikati hudanganya. Tukishajua ile iliyoliwa kuliko zote ndipo tutajua bloku ichongwe mpaka wapi: pistoni za oversaizi, yaani nene kuliko za kiwandani, huja kwa hatua za inchi 0.020, 0.030, 0.040 na kuendelea. Pistoni kwanza, kuchonga baadaye. Bloku ikichongwa kwa 0.030 halafu huku zikapatikana za 0.040 tu, mtalipa kuchonga mara mbili. Krenki nayo hivyo hivyo. Beringi za koni rodi zina alama nyuma ya kipande chenyewe, STD au 010 au 020, na alama hiyo ndiyo ya kuamini kuliko maandishi ya boksi.

Hapo nifike kwenye jambo la maboksi, maana ndipo watu wengi wanapoliwa. Spea mpya iliyolala dukani miaka hamsini bila kutumika huku ina bei yake, na inatafutwa, kwa hiyo wapo wanaotia spea iliyotumika ndani ya boksi la zamani. Boksi halithibitishi chochote. Chuma chenyewe ndicho husema. Gia iliyowahi kufanya kazi ina mng'ao pale meno yalipokutana, hata ikioshwa namna gani. Spilaini za shafti huonyesha mstari pale klachi pleti ilipokuwa ikitembea. Tundu la boliti huacha duara lililokandamizwa na washa, na nati ya bomba la breki iliyowahi kufungwa ina pembe zilizoguswa na spana. Dainamo mpya ina komuteta ya rangi moja ya shaba kote, ile iliyozunguka ina mkanda mweusi au unaong'aa pale brashi zilipokaa. Vitu vya umeme vilivyotengenezwa na Lucas vina msaada mwingine: mara nyingi vimegongwa namba ya spea na tarehe, mwezi na mwaka, kwa mfano 4 62. Kama lori ni la mwaka 1964 na dainamo imegongwa 1971, bado yaweza kuwa nzuri sana, lakini siyo iliyotoka nalo kiwandani, na bei iwe ya hivyo.

Tena kuna namba na namba. Ile iliyotokeza kwenye chuma cha kusubu ni namba ya umbo lililomiminwa, si namba ya spea. Umbo moja linaweza kuchongwa namna tatu kwa magari matatu. Namba ya kununulia iko kwenye kitabu cha spea cha Bedford, na kitabu hicho hugawanya vitu kwa namba za chesesi: kitu fulani mpaka chesesi hii, kutoka chesesi ile kuendelea ni kingine. Kiwanda nacho kilibadilisha namba njiani, namba ya zamani ikafutwa na mpya ikachukua nafasi yake, kwa hiyo spea yenye namba mpya inaweza kuwa ndiyo hiyohiyo. Bila namba ya chesesi na ya injini natafuta gizani. Naomba zipigwe picha, zisinakiliwe kwa mkono tu, maana 3 na 8 zilizoliwa na kutu zinafanana.

Sasa la muhimu kuliko yote, na hapa naomba fundi asikilize sana. Si kila kitu kipya kilicholala ni kizima. Chuma kilichopakwa grisi hulala vizuri. Raba hufa. Vikombe vya raba vya silinda za breki, hozipaipu za breki, diaframu ya pampu ya mafuta, sili za raba, vyote hukauka na kupasuka vikiwa ndani ya pakiti isiyofunguliwa. Ukiikunja hozipaipu ya zamani utaona nyufa ndogondogo juu, na ndani imevimba au inabanduka. Inaweza kufunga njia ikawa inapeleka mafuta lakini hairudishi, breki ikabaki imekamata upande mmoja lori likiwa na mzigo mteremkoni. Kwa hiyo nitakaponunua silinda za breki au masta silinda zilizolala, nanunua chuma tu. Raba ziwe mpya za siku hizi, kwa kipimo kilekile cha silinda, ambacho mara nyingi kimeandikwa kwa inchi kwenye mwili wake.

Na hizo silinda zenyewe, kabla ya kufungwa: zivuliwe kila kitu, ndani zitazamwe kwa taa. Kutu jepesi linaondoka kwa kusugua kidogo. Penye vishimo vinavyoshika ukucha, silinda hiyo hailindi mafuta hata iwe mpya, ila inaweza kuokolewa kwa kuchongwa na kuvishwa bomba jembamba la chuma kisichoshika kutu. Kuosha iwe kwa spiriti au kwa mafuta ya breki yenyewe. Dizeli, petroli wala mafuta ya taa yasiguse raba za breki kamwe: huvimba mpaka pistoni ikakwama.

Lainingi za breki na klachi pleti za zamani sinunui kabisa, hata ziwe na boksi lake na karatasi yake. Zina asbesto. Huku asbesto nyeupe ilipigwa marufuku mwaka 1999 na hairuhusiwi kuuzwa, na mnajua vijana gerejini wanavyopuliza vumbi la breki kwa upepo wa kompresa. Vumbi lile linakaa kwenye mapafu na ugonjwa wake hutokea baada ya miaka mingi. Hata zile zilizomo kwenye lori sasa hivi, mwambie fundi azichukulie kuwa za asbesto: aziloweshe maji kabla ya kufungua ngoma, afute kwa kitambaa kibichi, kitambaa kifungwe kwenye mfuko na kitupwe, na kompresa ikae mbali. Shuu zenyewe za chuma zitunzwe zivishwe lainingi mpya hapo nyumbani. Gasketi za silinda hedi za shaba za wakati ule nazo nyingi zina asbesto katikati. Hapo pia tuchukue mpya.

Sili za ngozi ni habari nyingine. Za zamani za ngozi zikilala hukauka, lakini zikilowekwa kwenye mafuta ya injini ya uvuguvugu mpaka zilegee hufanya kazi tena vizuri. Kwa hiyo msizitupe mkizikuta.

Dainamo na stata ningependa zipatikane za Lucas hasa, ndizo zinazolipa lori sura yake chini ya boneti. Bushi zao ni za shaba yenye vinyweleo. Bushi mpya ilale kwenye mafuta mepesi ya injini saa 24 kabla ya kuingizwa, la sivyo itakwaruza shafti kwa muda mfupi. Dainamo iliyolala hupoteza sumaku yake au huja na upande usio wenu. Mtazame kwanza betri imeungwaje, kwa sababu magari mengi ya Kiingereza ya miaka ile yaliunga chanya kwenye bodi. Baada ya kuifunga, kabla ya kuunganisha waya wake, waya mmoja kutoka kwenye nguzo ya betri isiyokwenda kwenye bodi uguse nguzo ya dainamo yenye alama F mara mbili tatu kwa kudonoa tu, cheche ndogo zitoke. Bila hivyo inaweza isichaji, na mtamlaumu muuzaji bure.

Beringi za magurudumu msinisubirishe nizitafute za boksi la Bedford. Zina namba ya mtengenezaji, moja kwenye koni na moja kwenye kikombe chake, na kwa namba hizo beringi hiyohiyo inapatikana leo kwenye maduka ya Gerezani, Dar es Salaam. Kulipia boksi hapo ni hasara. King pini ni tofauti: seti iliyolala ya king pini na bushi naitaka, ila bushi zikishagongwa ndani lazima zipanuliwe kwa rima, kile kifaa cha kukwangua tundu, mpaka pini iingie kwa kusukuma na kiganja. Akipiga pini kwa nyundo, usukani utakuwa mzito na bushi itapasuka.

Kitu ambacho kamwe tusinunue nusu ni krauni na pinioni, zile gia mbili za difu. Hutengenezwa zikisagana pamoja na huandikwa namba moja juu ya zote mbili. Namba zikitofautiana, hata zote ziwe mpya kabisa, difu itanguruma na meno yataliwa.

Noseli za injekta za CAV zilizolala nyingi bado ni nzima kwa sababu zilihifadhiwa na mafuta. Kipimo chake ni rahisi: ioshwe kwa dizeli safi, sindano ivutwe nje theluthi moja, noseli ishikwe kwa mshazari wa nyuzi 45. Sindano inapaswa kuteleza na kurudi kwa uzito wake. Ikisita, zungusha na ujaribu tena. Ikisita palepale, iachwe.

Natafutia wapi? Soko kubwa la spea za zamani ni Beaulieu, kusini huku, kila mwezi wa tisa, limekuwapo tangu 1967. Lakini kwa malori napendelea wauzaji wa mabaki ya jeshi. Jeshi la Uingereza lilitumia Bedford nyingi sana, RL na baadaye MK, na spea zao zilifungwa kwa karatasi ya nta na grisi, kila moja na namba ya tarakimu 13. Nne za kwanza hueleza aina, 2530 ni breki, ekseli na usukani, 2920 ni umeme wa injini, kisha 99 ni alama ya Uingereza. MK ilikuwa na injini ya 330, kwa hiyo kama lenu ni 330 huo ni mlango mzuri. Kebini na bodi vya MK havitawasaidia, hivyo vinafuata TK, ambayo ni Bedford ya namna nyingine. Huku wanaendesha kushoto kama huko, kwa hiyo boksi la usukani na vioo vya taa vinaingia bila tatizo. Mkiuziwa taa iliyotoka kwenye Bedford ya Ubelgiji au Uholanzi itawamulika wanaokuja.

Pakistan nako TJ bado zinabeba mizigo, na wanatengeneza spea za kuiga. Kwa bushi za springi, pini na vitu vya namna hiyo sioni ubaya. Kwa gia na sehemu za pampu ya dizeli nasema hapana.

Na nyumbani msipadharau. Waulizeni wenye maduka ya zamani ya spea Tanga, Moshi na Arusha waangalie rafu za juu, na wasimamizi wa stoo za mashamba ya mkonge. Grili, nembo, mikono ya milango na vioo vya madirisha ndivyo vigumu kupata huku, kwa sababu hakuna anayevitengeneza tena. Mkivikuta huko chukueni hata kabla ya injini kumalizika.

Vitu vikipatikana nitavituma kwa kontena la kuchangia, kila chuma kikiwa na grisi na karatasi ya nta, maana hewa ya bahari hailali. Kila boksi litakuwa na orodha na bei halisi ya ununuzi kwa ajili ya forodha.

Kwa hiyo naomba vije hivi: picha za kibati cha chesesi, namba ya injini, kibati cha pampu ya dizeli, vipimo 36 vya silinda, vipimo vya krenki, na namba zilizoandikwa kwenye krauni na pinioni. Mpaka vifike sitanunua kitu cha ndani ya injini. Breki naweza kuanza, fundi akinitumia jina lililo kwenye mwili wa silinda, Lockheed au Girling, na kipimo chake kwa inchi.

Msalimie sana Mama Mdogo, na Bibi mwambie namwamkia.

Ni mimi mwanao,
Idrisa