Namba kwanza, jina baadaye

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Umeuliza ufanye nini na viazi 40 vya dalia, yale maua ya bustani yenye mizizi kama viazi, ambavyo lebo zake zimefutika. Usikimbilie majina. Kila mmea upe namba, na namba hiyo isihame tena. Ukikigawa kichane cha 17, yaani fungu la viazi vya mmea huo, mara tatu, vipande vyote ni 17, maana ni mmea uleule. Mbegu za 17 ni habari nyingine: dalia za bustani zina seti nane za kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi, kwa hiyo mche wa mbegu haufanani na mama yake. Huo upewe namba mpya, wala usiazimwe jina la mzazi.

Unapogawa, tafuta jicho, mahali chipukizi linapotokea. Halipo kwenye mwili wa kiazi. Liko juu, pale shingo inapoungana na shina la zamani. Kiazi kisicho na jicho kinaweza kukaa ardhini msimu mzima, kinene na kizima, bila kuchipua. Chenye shingo iliyovunjika kitupe. Ukiona vinundu mithili ya koliflawa karibu na shina, huo ni uvimbe wa bakteria: tupa kichane chote, mbali na mboji. Kabla ya kuhamia namba nyingine chovya kisu kwenye dawa ya klorini, sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji. Kisha andika namba kwenye ngozi ya kiazi chenyewe, ikiwa imekauka.

Panda kina cha sentimita 10 hadi 15, mmea na mmea sentimita 60. Mti wa kuegemezea uchomeke kwanza, usije ukatoboa kiazi baadaye. Usimwagilie kwa wingi kabla ya machipukizi kutokeza, kitaoza. Jozi ya nne ya majani ikikunjuka, kata ncha.

Kwenye uainishaji ndipo wengi hukosea, kwa sababu huanza na rangi. Anza na petali. Kingo zikikunjamana kwenda nyuma kwa zaidi ya nusu ya urefu, hilo ni kundi liitwalo kaktasi. Zikikunjamana hadi nusu tu, na kitako cha petali kikabaki kipana, ni nusu-kaktasi. Zikijikunja kwenda ndani na ua likawa duara, ni mpira, au pomponi ikiwa dogo kabisa. Ua lenye mduara mmoja wa petali kubwa na petali fupi zikizunguka kitovu huitwa kola. Usihukumu kwa ua moja, wala kwa maua ya mwisho wa msimu: siku zikifupika, hata ua la petali tele huanza kuonyesha kitovu, ukaliweka kundi lisilo lake.

Ukubwa uandike kwa milimita, si kwa jina la daraja. Ua la milimita 110 Waingereza huliita dogo kabisa, kwani mpaka wao ni 115. Wamarekani, ambao mpaka wao ni inchi 4 (milimita 102 hivi), wanalipandisha daraja. Andika pia kama uliondoa vitumba vya pembeni, maana kuviondoa hukuza ua, na bila hilo vipimo vya misimu miwili havilinganishiki.

Rangi itazame asubuhi, kivulini. Zile za mchanganyiko hubadilika kwa jua na joto, na zenye rangi mbili mara nyingine hutoa ua la rangi moja tupu. Hiyo si aina mpya, iandike kama kasoro ya siku hiyo.

Jina lije mwisho, umbo, ukubwa na rangi vikishakubaliana. Majina ya dalia husajiliwa na Royal Horticultural Society ya Uingereza, kazi waliyo nayo tangu 1966. Tahajia ya msajili isiguswe na jina lisitafsiriwe. Ukiwa na shaka, weka alama ya kuuliza mbele yake, haitakudhuru.

Kwenye lebo tumia penseli laini. Wino hufutwa na jua, kama ulivyojionea. Na uchore ramani ya kitalu, kwani lebo hung'oka.

Ile 23, nipigie picha ya ubavuni. Uliyonitumia ni ya mbele, na kwa mbele huwezi kujua kama ni yungiyungi, ambalo ubavuni ni bapa kama sahani, au ni ya kundi la kawaida liitwalo mapambo.

Wako daima