Barua ya Wazi kwa Vijana wa Baraza la Kusoma: Mwenye Kitabu Asikilizwe Kwanza

Wanangu wa baraza la kusoma, Wete,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nimepata khabari za mzozo uliozuka katika kikao chenu, na kwa kuwa kila upande umenijia kivyake kutaka niuunge mkono, nimeona bora niandike waraka mmoja muusome nyote. Kwa nilivyoelewa, mliazimia kusoma vitabu mashuhuri vinavyohusu jamii, sayansi na imani, mkaanza na kile cha Charles Darwin, mwanasayansi wa Kiingereza, juu ya asili ya spishi, yaani vipi aina za viumbe zilivyotokea kwa kubadilika polepole. Hamjafika popote, wengine wakasema ni kitabu cha ukafiri, kinachodai binadamu ametokana na nyani, kisichofaa kuingia barazani, na wengine wakajibu kwamba anayekikataa ni mtu wa zama za ujahili. Waliokuja kwangu niliwauliza, wa upande huu na wa upande ule, sura ya kwanza ya kitabu hicho inazungumzia nini. Hakuna aliyenijibu.

Inazungumzia wanyama wa kufugwa na mimea ya kupandwa, na sehemu kubwa yake ni khabari za njiwa. Darwin mwenyewe alifuga njiwa na akajiunga na vyama vya wafugaji wa njiwa mjini London. Anaeleza vipi mfugaji, kwa kuchagua kizazi baada ya kizazi ndege wenye mkia au mdomo anaoupenda, huishia kupata aina zinazopishana kiasi cha kwamba mgeni akizitazama atadhani si ndugu. Wapo miongoni mwenu wanaofuga njiwa, na sura hiyo wangeweza kuijadili kwa ujuzi kuliko mimi. Ama huyo nyani mliyemgombania, hamkumkuta humo. Katika toleo la mwaka 1859, asili ya binadamu imeguswa kwa sentensi moja tu karibu na mwisho wa kitabu, nayo yasema kuwa suala hilo litakuja kuangazwa. Darwin alilitolea kitabu kingine mwaka 1871, baada ya miaka kumi na miwili.

Kipo na kikubwa zaidi mlichokikosa. Sura ya sita Darwin ameitenga kwa ajili ya matatizo ya nadharia yake mwenyewe. Anauliza kwa niaba ya wapinzani wake: jicho, pamoja na ufundi wake wote wa kujirekebisha kwa mbali na karibu, na kwa mwanga mwingi na mchache, litawezaje kutokea kwa mabadiliko madogo madogo? Anakiri kwamba dhana hiyo, ukiitazama hivi hivi, yaonekana upuuzi mtupu, kisha anaanza kujibu hatua kwa hatua. Wako watu, na vijitabu vyao vimefika hadi hapa kwetu, wanaonukuu ule ukiri wake na kulikata jibu, wakakuambieni kuwa Darwin mwenyewe amekana maneno yake. Huo ni udanganyifu, hata kama aliyeufanya anadhani anaitetea dini. Mimi ni Muislamu, na naamini kuwa Adam aliumbwa na Mola wake. Imani hiyo haikunizuia kukisoma kitabu hadi mwisho, wala haikunihalalishia kumsingizia mwandishi.

Kwa hili ninalokuombeni, la kumsikiliza mwandishi kabla ya kumpinga, tunaye mwalimu wa nyumbani. Imamu Ghazali, mwanachuoni wetu wa Kiislamu, kabla ya kuwapinga wanafalsafa, aliandika kitabu kizima cha kuyaeleza makusudio yao bila ya kuwajibu, akasema katika utangulizi wake kuwa huwezi kuibatilisha kauli usiyoifahamu. Kazi hiyo aliifanya kwa uaminifu mkubwa mno. Kitabu kilipofasiriwa kwa Kilatini mjini Toledo, Hispania, katika karne ya 12, na nakala nyingi zikasambaa bila ya ule utangulizi, wasomi wa Ulaya wakamhesabu kuwa ni mmoja wa wanafalsafa hao hao. Sijui kama katika baraza lenu yupo anayeweza kuyaeleza maneno ya asiyemuafiki mpaka wasikilizaji wakamdhania ni mfuasi wake, lakini hicho ndicho kipimo.

Kisha katika kitabu chake cha kuwapinga, kilichokamilika mwaka 1095, Ghazali anatoa mfano wa kupatwa kwa mwezi. Wanafalaki, yaani wataalamu wa nyota, wanasema mwezi hupatwa pale dunia inapokaa baina yake na jua. Ghazali anasema jambo hilo limethibiti kwa hesabu, na mwenye kulipinga akidhani anainusuru dini ndiye anayeidhuru, kwa sababu aliyekwishaziona hesabu hatazitilia shaka hesabu. Ataitilia shaka dini. Nanyi mnaijua hadithi ya siku alipofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume, rehema na amani zimshukie, jua likapatwa, watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo chake. Mtume akawaambia kuwa jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu. Baba aliyetoka kumzika mwanawe aliyakataa maelezo ambayo yangelimtukuza mwanawe. Sisi tunaswali swala ya kupatwa, na saa ya kupatwa tunaijua kabla kwa hesabu za wanafalaki, wala sijamuona mtu aliyeiacha swala kwa kuwa saa imetangulia kujulikana.

Ndipo nije kwa Ibn Khaldun, mwanahistoria wa Kiarabu, ambaye wengi wenu mnamtaja na wachache mmemfungua. Muqaddima yake, yaani utangulizi wa kitabu chake cha historia, aliyoiandika mwaka 1377 akiwa ngomeni huko inakoitwa sasa Algeria, inafaa isomwe polepole. Mwanzoni anaichukua riwaya ya al-Mas'udi, mwanahistoria aliyemtangulia, kwamba Nabii Musa aliwahesabu Wana wa Israili jangwani akapata wanaume wa vita laki sita au zaidi. Haridhiki kusema tu kuwa ni uongo. Anauliza: jeshi la watu laki sita litapangwaje, ilhali mwisho wa safu hauwezi kujua yanayopita katika upande wa pili? Nchi gani ya wakati huo ingeliwalisha? Na baina ya Yaakub na Musa vimepita vizazi vichache. Watu sabini walioingia Misri na Yaakub wanafikaje idadi hiyo? Huo ndio mwanzo wa elimu ya jamii: khabari kupimwa kwa tabia za watu na uwezo wa nchi, mbali na cheo cha aliyeisimulia.

Lakini kitabu hicho hicho kina kurasa zitakazokuchomeni. Ibn Khaldun anaikataa hadithi ya kwamba weusi wa ngozi ni laana ya Ham, mwana wa Nabii Nuhu, anasema sababu yake ni joto la nchi, na hapo amewatangulia wengi. Mahali pengine anawasema watu weusi kwa maneno ya kuwashusha, akiwafananisha na wanyama. Yasomeni yote mawili, na kwa sauti. Sioni haja ya kumfichia aibu mwanachuoni aliyekufa zaidi ya miaka mia sita iliyopita, wala sioni sababu ya kuitupa hoja yake ya jeshi kwa ajili ya ukurasa wake mbaya.

Ninyi mnaowacheka wazee kwa kuamini uchawi nimekubakishieni Evans-Pritchard, Muingereza mtafiti wa mila za watu, aliyeishi na Wazande wa Sudan Kusini na kuchapisha kitabu juu ya uchawi na ramli zao mwaka 1937. Anasimulia ghala la nafaka linaloporomoka na kuwaangukia watu waliokaa chini yake kujikinga na jua. Wazande wanajua vizuri kuwa mchwa wamekula nguzo. Wanachouliza ni kwa nini liwaangukie hawa, na saa ile. Hapa Pemba hakuna asiyejua kuwa tawi la mkarafuu ni jepesi kukatika, na kila msimu wa kuchuma watu huanguka. Hata hivyo ukienda matangani hutasikia sana khabari za tawi. Utasikia mtu akinong'ona: mbona yeye, na mbona baada tu ya kugombana na jirani yake juu ya mpaka wa shamba? Evans-Pritchard hakuamini kuwa wachawi wapo kama Wazande wanavyowadhania, na amesema hivyo waziwazi. Pamoja na hayo, aliziendesha shughuli za nyumba yake kwa kufuata ramli zao alipokuwa kwao, na akasema hazikumpa taabu. Kwa kuwasikiliza hivyo aligundua kuwa fikra zao zina mpango. Kwa kucheka asingelipata kitu. Na ninyi mkiuona huo mpango, mtajua pia namna ya kuzungumza na mjomba anayetaka kumpeleka mgonjwa kwa mganga kabla ya hospitali, maana mtakuwa mnalijibu swali lake mwenyewe.

Basi naomba muwe na utaratibu huu. Anayetaka kukipinga kitabu, akieleze kwanza, kwa Kiswahili na bila ya kejeli, mpaka anayekipenda aseme: naam, hivyo ndivyo. Asiposema hivyo, mpingaji arudi akasome. Na anayekipenda naye aeleze kwa uadilifu kile anachokihofia mwenzake. Kwa kuwa vingi katika vitabu hivi mtavipata kwa Kiingereza au Kiarabu, kila kikao mmoja wenu afasiri kurasa mbili tatu, nanyi wengine mumsahihishe. Hapo ndipo itakapojulikana nani ameelewa na nani amekariri.

Darwin mmalizeni. Baada yake napendekeza kitabu cha mwaka 1876 cha Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu Unguja, juu ya kipindupindu katika Afrika Mashariki tangu 1821 hadi 1872. Anaufuata ugonjwa kama mtu anayefuata nyayo, katika njia za biashara na za mahujaji, bandari kwa bandari, na aliandika kabla Robert Koch, daktari wa Kijerumani, hajakitambulisha kijidudu cha ugonjwa huo katika miaka ya 1883 na 1884. Mtaona mtu mwenye akili anavyofikiri akiwa bado hajui jambo lililo kuu, na mtawakuta humo watu wa visiwa hivi katika msiba wao. Wakorofi wawili wa mzozo uliopita, mnajijua, ninyi ndio mtangulie kukieleza, kila mmoja nusu. Mkishapanga siku nijulisheni, ila isiwe Ijumaa.

Wabillahi tawfiq,

Mzee wenu, mwalimu mstaafu, Wete, Pemba