Barua kwa mwanangu anayekwenda kupima makorongo ya Utah

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Umeeleza posho, gari na droni mtakayorusha, lakini mvua hukuigusa kabisa.

Kule jangwani si kiu peke yake inayoua. Tarehe 12 Agosti 1997, ng'ambo ya mpaka kule Arizona, watu 11 walikufa ndani ya Antelope Canyon. Mvua ilinyesha mbali, juu huko. Maji yakateremka yakawakuta kwenye mwanya mwembamba wa mwamba, hapana pa kukimbilia. Basi usiridhike na anga jeupe lililo juu ya kichwa chako. Kontua, ile mistari ya ramani inayoonyesha mwinuko wa ardhi, unajua kuzisoma: zifuate mpaka korongo linakoanzia, kisha uulize huko kumekuchaje. Julai hadi Septemba, adhuhuri ikishapita, usishuke. Mkubwa wako wa kazi akikuharakisha, mwambie baba yako amekataza.

Najivunia, tena sana. Mto Escalante na Milima ya Henry viliingia kwenye ramani mwaka 1872, mpimaji Almon Thompson na wenzake wakipita kwa farasi, na leo wewe ndiye unayekwenda kurekebisha ramani za huko. Ila una pupa, mwanangu, na wasemaji tumechoka. Ramani nyingi za kipimo cha 1:24,000 za makorongo yale zina kimo cha futi 40 kati ya kontua na kontua. Poromoko la mwamba la futi 30 linaweza kulala katikati ya mistari miwili na usilione mpaka uwe ukingoni. GPS nayo humo ndani hudanganya, kwa kuwa kuta huziba setilaiti na kurudisha mawimbi. Hata kisima cha ng'ombe kilichochorwa kwa buluu, usikitegemee. Beba maji yako. Wenye ranchi waulize, wanajua korongo lipi hujaa upesi. Na geti lao uliache ulivyolikuta: la wazi liache wazi, la kufungwa lifunge.

Mvua, mwanangu. Kila asubuhi, kabla ya droni, mvua kwanza.

Mama yako hasemi, lakini usiku halali vizuri; mpigie yeye kabla yangu. Bati la jikoni tumeshabadilisha, fundi anadai kidogo tu. Mdogo wako anaitaka kompyuta yako ya zamani. Nimpe, au mna vitu vyako humo?

Baba yako