Hiyo 18 kwenye bango lako

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Skripti ya filamu yako nimeipata na nimeisoma, kisha nikaisoma tena kwa sauti, kama ninavyofanya kwa kila kazi inayonifikia studio. Imenishika. Huyu mtoto wako anayehesabu hatua za babake nje ya mlango ili ajue leo mzee amerudi na hali gani, hukumwazima kwa mtu. Na kurasa 11 zinatosha. Wenye kazi hii hukadiria ukurasa mmoja kwa dakika moja, na hadithi yako inaishia pale inapopaswa kuishia. Mtu akikushauri uirefushe ifike nusu saa, mshukuru kisha uendelee na zako.

Neno nililo nalo ni juu ya bango la filamu. Kamera haijawashwa hata mara moja, nawe tayari umechora 18 nyekundu pembeni, daraja la kuwazuia walio chini ya umri huo. Mdogo wako alipokuuliza, ukamjibu kwamba filamu nzito ni ya watu wazima. Hapo sikuungi mkono, na nitakueleza kwa kirefu, kwa sababu naona filamu yako itasimama au itaanguka kwenye jambo hilo hilo.

Mhusika wako ana miaka 12. Kwa hiyo 18 yako, mtoto wa umri wake akifika mlangoni anarudishwa. Umeandika habari zake kwa uchungu unaoonekana kila ukurasa, halafu umemfungia nje. Najua namba hiyo ina mvuto kwa kijana, huonekana kama nishani ya ujasiri. Lakini ziko filamu za 18 ambazo ndani hamna kitu ila damu, na ziko zilizoruhusiwa kwa watoto ambazo mtu mzima hutoka nazo moyoni akakosa usingizi.

Ni vizuri ujue madaraja haya ya umri yalitokea wapi, maana vijana wengi huyaona kama rungu la serikali tu. Kule Marekani, tangu 1934 hadi miaka ya 1960, studio kubwa zilifuata kanuni moja kali: filamu ifae watu wote, la sivyo ikatwe mpaka ifae. Mwaka 1968, chama cha watengenezaji filamu kikiongozwa na Jack Valenti, wakaachana na kanuni hiyo na kuweka madaraja. Fikra ilibadilika kabisa. Msanii aseme anachotaka kusema, ila mtazamaji aambiwe mapema anakwenda kukutana na nini. Mpaka leo wanaokaa kutoa madaraja hayo ni wazazi, watu kama mimi, na majina yao kwa kawaida hayatangazwi.

Hata hivyo mfumo ulikuwa na pengo. Mwaka 1984 zilitoka filamu mbili ambazo mwongozaji Steven Spielberg alihusika nazo, moja akiiongoza na nyingine akiwa miongoni mwa wasimamizi wakuu wa utayarishaji. Zote zilipewa PG, yaani mtoto anaingia ila mzazi ashauriwe kwanza, na wazazi wengi wakalalamika kwamba watoto wao wadogo wametishwa kupita kiasi. Spielberg mwenyewe akapendekeza pawe na daraja la kati, na tarehe 1 Julai mwaka huo PG-13, onyo kali zaidi kwa wazazi wa walio chini ya miaka 13, ikaanza kutumika. Mtoto wa miaka 7 na wa miaka 14 hawaogopi vitu vile vile, wala hawaogopi kwa namna moja. Ndiyo maana Ujerumani wana 0, 6, 12, 16 na 18, na Kenya wana GE kwa watu wote, kisha PG, 16 na 18.

Lakini mfumo ninaotaka uutazame kwa makini ni wa Uholanzi. Tangu 2001, pamoja na umri, wao huweka vialama vya picha: ngumi kwa ukatili, buibui kwa hofu, na vingine kwa lugha chafu, ngono, ubaguzi na dawa za kulevya. Ngumi na buibui wamevitenganisha. Nilipofunga skripti yako nilijiuliza ni kipi kati ya hivyo viwili kinakaa kwenye filamu yako, na jibu halikunichukua muda. Filamu yako ni ya buibui. Mtoto anasikiliza, anahesabu, anashusha sauti ya redio, anaficha daftari lenye alama mbaya. Kurasa sita nzima hakuna anayeguswa hata kidole, na mimi msomaji nimeshika kiti.

Kisha tunafika onyesho la saba, na ghafla unaleta ngumi. Mkanda kwa karibu. Mapigo matano, yote yanaonekana. Damu kwenye shati. Baba anatukana mara mbili. Mwanangu, hapo ndipo ulipoacha kumwamini mtazamaji wako. Mpaka dakika ile tulikuwa ndani ya kichwa cha mtoto, sasa umetutoa na kutusimamisha kando tutazame mgongo wake. Kamera imehamia upande wa mwenye mkanda. Hata pasingekuwa na bodi yoyote ya kutoa madaraja duniani, ningekwambia ukate.

Wala usidhani ninakufundisha ujanja wa kupenya. Watoa madaraja hawahesabu matone ya damu tu. Bodi ya Uingereza, kwa mfano, huangalia pia tishio na hofu, muktadha wa tukio, na hali ya jumla inayomkaa mtazamaji. Ukificha mkanda nyuma ya mlango halafu ukatusikilizisha mapigo na vilio dakika nzima, daraja litapanda tu, na litakuwa limepanda kwa haki. Mimi riziki yangu ni kuhariri sauti, najua sikio linavyoumia kuliko jicho. Jicho hufumbwa, sikio halina kope.

Kwa hiyo ningefanya hivi. Hatua zinasimama mlangoni. Kimya. Halafu sauti moja tu, kifungo cha mkanda kikigusa meza. Tubaki kwenye uso wa mtoto, kisha ukate moja kwa moja hadi asubuhi, anavaa sare, mkono mmoja haupandi vizuri kuingia kwenye shati. Mdogo wako atakielewa kipande hicho bila kuelezwa. Baba naye atakielewa. Na yale matusi mawili, acha moja au uyatoe yote. Marekani tusi zito la asili ya ngono likitamkwa mara moja tu kama neno la hasira, filamu inaweza kubaki kwenye PG-13. Likirudiwa, kwa kawaida inapanda hadi R, ambako aliye chini ya miaka 17 haingii bila mzazi au mlezi. Ila sababu yangu si hiyo. Baba uliyemwandika ni mtu wa kusema polepole, na akitukana anapungua kutisha.

Kuna kitu kingine ambacho nadhani hukukiona kabisa, na kwangu ni kikubwa kuliko mkanda. Katika onyesho la nne mtoto anajificha ndani ya sanduku la nguo na kujifungia kifuniko, naye anatoka salama, anatabasamu. Bodi nyingi hutazama kwa makini sana tendo la hatari ambalo mtoto anaweza kuliiga nyumbani, hasa linapofanyika kwa urahisi na lisilete madhara. Sanduku lenye komeo ni kifo cha kukosa hewa. Mtoto wa miaka 8 haendi kuiga mapigo ya mkanda, lakini maficho mazuri atayaiga siku hiyo hiyo. Mweke chini ya kitanda. Tena utapata shoti nzuri zaidi, viatu vya baba vikipita usawa wa macho yake.

Na mwigizaji wako je? Naye nimeambiwa ana miaka 12. Pata ruhusa ya wazazi wake kwa maandishi, waisome skripti yote, na mmoja wao awepo siku zote za kupiga picha. Ule uso wa hofu mpige peke yake, yule anayeigiza baba akiwa nje anapumzika. Hahitaji kusikia mkanda hata kidogo, sauti utaiweka baadaye kwenye uhariri. Mweleze kila kitu kabla, muulize anaonaje, na mkimaliza mpe muda wa kucheza na huyo huyo aliyemwigizia baba. Sasa fikiria siku ya kuonyesha. Kwa 18 yako, huyu mtoto aliyekubebea filamu nzima haruhusiwi kukaa ukumbini kuitazama.

Kuhusu namba yenyewe, si yako kuitoa. Penye bodi, bodi ndiyo inayotoa daraja baada ya kuitazama filamu iliyokamilika, na kuchapa daraja ambalo hujapewa ni kumpotosha mtu. Sheria za kuonyesha filamu hadharani hutofautiana kati ya nchi na nchi, na mahali pengine kazi ya mwanafunzi nayo inahitaji kibali. Muulize mwalimu wako, kisha uulize bodi yenyewe, kabla hujatangaza tarehe. Matamasha nayo yaulize mapema yanataka maelezo gani ya maudhui. Kwa sasa futa ile 18, andika mstari mmoja wa kawaida: "Filamu hii ina hofu na ukatili wa nyumbani." Anayeishi na jambo hilo ajue kabla taa hazijazimwa, achague kukaa au kutoka.

Wimbo wa mwisho usiuguse bila ruhusa ya maandishi ya mwenye haki. Kama haipatikani, uache, mwisho wako hauhitaji muziki.

Sasa, kama baada ya kutafakari bado unaona mapigo yale lazima yaonekane, yaonyeshe, na ubebe daraja litakalokuja bila kunung'unika. Ziko hadithi zinazodai hivyo na sitakuzuia. Ila ujue utakuwa umechagua kuzungumza na akina baba peke yao. Mimi ningetamani wakae pamoja. Uingereza wana daraja la 12A, lililoanza 2002 kwa kumbi za sinema: mtoto aliye chini ya miaka 12 anaingia, mradi aje na mtu mzima. Watu huliona kama kikwazo. Kwa filamu kama yako mimi naliona kama mwaliko. Mzazi analazimika kukaa kiti cha pili, gizani, akisikia hatua zile zile mtoto wake anazozisikia kila jioni, na wakitoka nje mmoja wao itabidi aanze kusema. Hiyo filamu ndiyo ninayoiona ndani ya kurasa zako, na sijui kazi ya mwanafunzi inaweza kutaka nini zaidi.

Nitumie onyesho la saba ukishaliandika upya, usisubiri kulisafisha. Hatua za baba tutazirekodi pamoja: za siku njema, za siku mbaya, na zile ambazo mtoto hana hakika nazo. Hizo za mwisho zitatusumbua sana, kwa hiyo tafuta viatu vizito vya ngozi vyenye soli ngumu, na chumba kisicho na feni. Na siku ya kupiga picha, kabla hamjafungasha, mwambie mtu wa sauti arekodi dakika moja ya ukimya wa chumba kile kile, watu wote wakiwa wamesimama bila kujongea. Watamkasirikia, lakini bila hiyo sitaweza kukuunganishia kile kimya cha mlangoni.

Mama yako akupendaye